Gari likilala wiki mbili likagoma kuwaka, msianze kwa kununua betri

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye magari yanayolala uani siku nyingi kuliko yanavyotembea. Dar es Salaam wapo wengi. Kuna wanaokwenda kazini kwa mwendokasi, kuna waliohamishiwa Dodoma ambao tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 hawaoni sababu ya kukaa nyuma ya usukani kutwa nzima, na kuna walioko Muscat au Ulaya huku gari likiwa kwa shemeji Mbagala likisubiri likizo. Malalamiko yao yanafanana. Gari limekaa wiki mbili, ufunguo ukizungushwa stata inagonga tu tik-tik-tik. Fundi anaitwa, anabusti, anasema betri imekufa, inanunuliwa mpya. Baada ya mwezi mambo ni yale yale, safari hii na betri ambayo risiti yake bado iko kwenye kidroo cha dashibodi.

Kinachotuuma ni kwamba katika mlolongo huo wote hakuna aliyepima kitu. Betri imehukumiwa kwa macho. Mara nyingi haikuwa na kosa lolote: kuna kitu ndani ya gari kilichokuwa kikiinywa usiku na mchana, na kitu hicho bado kipo, kinainywa hata hiyo mpya.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hawaamini kwamba gari lililozimwa na kufungwa milango linaweza kumaliza betri. Betri ya risasi na asidi hujimaliza yenyewe taratibu hata ikiwa rafuni bila waya wowote, kiasi cha asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi kwenye nyuzijoto 25, na joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo huelekea kuwa mara mbili. Hicho ni kidogo. Kikubwa ni vile vinavyoendelea kula umeme baada ya ufunguo kutolewa. Vingine vina haki yake: saa, kumbukumbu ya kompyuta ya injini, kipokezi cha rimoti ya milango. Kwa magari mengi ya Kijapani yanayoingia nchini, jumla yake ni miliampea 20 hadi 50. Chukua 50. Kwa saa 24 inakuwa ampea-saa 1.2 (ampea-saa moja ni ampea moja ikitoka kwa saa moja). Betri ya NS60, iliyo kwenye magari madogo mengi, ina ampea-saa 45 ikiwa mpya na imejaa. Ikifika nusu, stata inaanza kulegea, na nusu hiyo inaliwa kwa siku 18 au 19. Kwa hiyo gari zima kabisa, lisilo na ubovu wowote, linaweza kukugomea baada ya wiki tatu. Kama betri ina miaka mitatu na uwezo wake umeshuka hadi ampea-saa 30, utagomewa siku ya 12 au 13.

Sasa ongeza vile tunavyovifunga wenyewe: alamu, kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti, kamera ya kioo cha mbele, redio ya skrini ya Android. Redio hizi zinaongoza kwa kesi. Nyuma yake kuna waya wa njano unaotakiwa kuwa na umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa kupata umeme pale tu swichi inapowashwa. Fundi mwenye haraka anaisokota pamoja kwa sababu hajaupata umeme wa swichi, na redio inawaka, mteja anafurahi. Kuanzia siku hiyo redio hailali kamwe, hata skrini ikiwa nyeusi. Ikila miliampea 300, hizo ni ampea-saa 7.2 kwa siku, na nusu ya NS60 imekwisha kwa siku tatu. Dawa yake ni kuitenganisha ile miwili, mwekundu upelekwe kwenye waya unaokufa ufunguo ukitolewa. Ni kazi ya nusu saa.

Taa ya buti ya wati 5 isiyozimika kwa sababu swichi yake imelegea hula ampea 0.4 hivi, yaani nusu ya betri kwa siku mbili na ushei. Huwezi kuiona, kwa kuwa ukifungua buti ni lazima iwake. Weka simu ndani ya buti ikiwa inarekodi video, funga, subiri dakika moja, kisha utazame ulichorekodi. Kidroo cha dashibodi kinapimwa vivyo hivyo.

Kuna jingine linalosumbua magari yenye umri, na mara nyingi halitafutwi. Kwenye mkono wa pedali ya breki kuna kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachosukuma swichi ya taa za breki. Kikizeeka kinavunjika na kudondoka. Swichi inabaki bila kusukumwa, taa za breki zinawaka usiku kucha. Balbu mbili za wati 21 ni ampea 3.5, na NS60 inafika nusu ndani ya saa sita na nusu: umeegesha saa tatu usiku, alfajiri gari haliwaki. Ukikuta vipande vya plastiki iliyopukutika kwenye zulia chini ya pedali, umempata mwizi wako. Kipande kipya ni kitu cha bei ndogo sana dukani ukilinganisha na betri.

Madhara ya kuiacha betri tupu ni makubwa kuliko usumbufu wa asubuhi hiyo. Ikikaa chini ya volti 12.4 kwa wiki kadhaa, salfeti ya risasi inayojijenga kwenye sahani zake hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Uwezo unapungua kila mara inapotupika. Betri ambayo kwa joto letu ingedumu miaka mitatu au minne inaweza kuzikwa ndani ya mwaka mmoja, na mwenye gari akalaumu duka.

Kupima hakuhitaji mashine ya gereji kubwa. Multimita ya kawaida, kile kifaa kidogo cha kupimia volti na ampea, inatosha, na kila mwenye gari anaweza kuwa nayo. Gari likae limezimwa angalau saa tatu, au bora usiku mzima, ndipo uweke ncha nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Volti 12.6 hadi 12.7, betri imejaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, na kuanzia 11.8 kushuka haina kitu. Betri za AGM, zile zilizozibwa ambazo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya kioo, husoma juu kidogo, 12.8 zikiwa zimejaa. Ikikwama 10.5 hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na hapo kweli nunua nyingine. Kama betri ina vifuniko vinavyofunguka, haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, itakueleza zaidi: vyumba vyote visome karibu sawa, kati ya 1.25 na 1.28 betri ikiwa imejaa. Kimoja kikiachana na wenzake kwa 0.05, ndicho kibovu.

Kisha mwenzako awashe gari huku wewe ukitazama mita. Wakati stata inazunguka, volti zisishuke chini ya 10. Betri iliyokuwa imejaa ikizama chini ya 9.6, imechoka. Injini ikishawaka, ncha zilezile zisome 13.8 hadi 14.5. Hiyo ndiyo kazi ya alteneta, jenereta inayozungushwa na injini kuichaji betri. Baadhi ya magari mapya hushusha chaji kwa makusudi, kwa hiyo ukiona 13 pungufu, washa taa kubwa na feni kabla ya kuilaumu.

Hapa tuna ombi kwa mafundi wenzetu, na tunaliomba kwa moyo mmoja. Acheni kuchomoa terminali ya betri huku injini inawaka eti kujua kama alteneta inachaji. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kitambo kifupi, zinaweza kupita 40, na katika kitambo hicho kompyuta ya injini, redio au daiodi za alteneta yenyewe zinaungua. Enzi za kabureta gari lilisalimika. Kwa gari la leo, mteja aliyekuja kwa sababu ya betri anaondoka na kontrolboksi mbovu, wakati mita ingetoa jibu lile lile kwa sekunde tano.

Kama betri ni nzima, alteneta ni nzima, na bado gari linagoma likilala, basi kuna kinachokula umeme na inabidi kitafutwe. Kazi hii inataka subira kuliko ujuzi. Fungua boneti na mlango wa dereva, kisha ukandamize kitasa cha mlango kwa bisibisi kama vile umeufunga, ili gari lidhani limefungwa. Kama kitasa cha boneti nacho kina swichi, kifanyie hivyo hivyo. Ufunguo wa kielektroniki upeleke mbali, mita tano au zaidi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, weka mita kwenye ampea za umeme mnyoofu (DC), legeza nati ya terminali ya hasi kwa spana namba 10. Kabla hujaichomoa, gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye klempu ya waya, ndipo uinyanyue klempu taratibu. Ukifanya hivyo umeme haukatiki, na vifaa haviamki upya. Usiguse ufunguo: stata ikivuta ampea mia na zaidi kupitia mita, fyuzi ya mita inaungua papo hapo.

Sasa kaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwanzoni mita itasoma ampea kadhaa kwa sababu kompyuta za gari bado ziko macho, na fundi asiyejua anapiga kelele kwamba ameona hitilafu. Subiri nusu saa, kwa baadhi ya magari saa nzima. Ikitulia chini ya 0.05, yaani miliampea 50, gari halina ubovu, shida ni muda linaokaa. Ikibaki 0.1, 0.3 au zaidi, kuna kitu hakijalala. Klempmita, zile za kubana waya bila kuukata, nazo zinafaa, lakini iwe ile inayosoma umeme mnyoofu hadi miliampea. Ya mafundi wa majumbani inayosoma umeme wa gridi peke yake haitaona chochote hapa.

Njia iliyozoeleka ya kumtafuta mlaji ni kuchomoa fyuzi moja moja hadi usomaji ushuke. Inafanya kazi, ila kuirudisha fyuzi huamsha vifaa na unaanza kusubiri upya. Iliyo bora ni kuacha fyuzi zote mahali pake, kurudisha klempu kwenye nguzo kabla ya kuondoa mita, kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, kuweka mita kwenye milivolti, na kugusa vile vidoti viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Fyuzi ya ampea 10 ina ukinzani wa milioomu 7 hadi 8, kwa hiyo milivolti 1 juu yake maana yake ni miliampea 130 hivi zinapita. Ukiipata yenye usomaji, mfuniko wa boksi la fyuzi unakuambia inalisha nini, nawe unafuata waya huo kifaa kwa kifaa. Usisahau kwamba alamu na vifaa vya kufuatilia gari mara nyingi vimeungwa moja kwa moja kwenye betri au nyuma ya swichi, nje ya boksi. Fyuzi yake, kama ipo, inaning'inia chini ya dashibodi ndani ya utepe mweusi.

Fyuzi zote zikiwa kimya ilhali ampea ulizopima kwenye betri zilikuwa juu, tazama alteneta, kwa sababu waya wake mnene hauendi kwenye fyuzi hizi ndogo. Ondoa hasi ya betri, fungua ule waya mnene nyuma ya alteneta, ufunge utepe usiguse chuma, rudisha mita ya ampea kati ya nguzo na klempu. Usomaji ukishuka, daiodi inavujisha. Fundi wa alteneta hubadilisha bamba la daiodi peke yake. Huna haja ya alteneta nzima.

Na kuna uvujaji usiopita kwenye waya wowote. Vumbi la Dar, mvuke wa asidi na chumvi ya bahari hujenga utando juu ya betri unaopitisha umeme kutoka nguzo moja hadi nyingine. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi, na nyekundu uiburute juu ya plastiki ya betri. Ukisoma nusu volti au zaidi, isafishwe. Kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti ya soda katika nusu lita ya maji, brashi laini, vifuniko vikiwa vimekazwa ili mchanganyiko usiingie ndani, kisha suuza, kausha, na paka grisi kwenye terminali.

Sasa kwa wenye magari yasiyo na ubovu ila yanakaa tu. Dawa inayosifiwa mitaani ni kumwambia mlinzi awashe gari dakika kumi kila Jumapili. Hesabu haikubali. Kuwasha kwenyewe hakuli kingi, ampea 200 kwa sekunde tatu ni chini ya ampea-saa 0.2. Lakini wiki nzima ya miliampea 50 imeshachukua 8.4, na dakika kumi za sailensa, injini ikinguruma gari limesimama, haziwezi kurudisha hizo, hasa kama mlinzi amewasha na kiyoyozi apumzike. Juu ya hayo injini haipati moto wa kutosha, maji na petroli vinabaki kwenye oili. Kama ni kuwasha, basi liendeshwe barabarani dakika 40 hadi saa nzima, mara moja kwa wiki au wiki mbili. Foleni ya Mwenge haihesabiki.

Kwa gari litakalolala zaidi ya wiki tatu, chomoa hasi. Daima hasi kwanza, na kurudisha iwe ya mwisho, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, cheche zake zinaweza kulipua gesi ya haidrojeni iliyo juu ya betri. Funga milango kwa ufunguo wa mkono, alamu haitalinda tena. Iarifu kampuni ya kifaa cha kufuatilia, wasidhani gari limeibwa. Ukirudisha, saa itaanza upya, redio nyingine zitadai namba ya siri, vioo vya umeme vinaweza kupoteza mshuko wa kugusa mara moja, na injini inaweza kutetereka kwa dakika chache ikijipanga.

Wenye Prius, haibridi ya Toyota inayotumia petroli na umeme, wawe makini zaidi. Kwenye matoleo yake mengi betri ya volti 12 iko nyuma, ni ndogo, na mlango wa nyuma unafunguliwa kwa umeme. Ukiichomoa na kubamiza mlango, umejifungia betri ndani. Mlango wa dereva utafunguka kwa ufunguo mdogo uliofichwa ndani ya rimoti, na chini ya boneti, kwenye boksi la fyuzi, kuna nguzo ya chanya yenye mfuniko mwekundu ya kupeleka umeme. Haibridi nyingi huchaji betri ndogo pale tu taa ya READY inapowaka. Kuliacha na swichi wazi ili redio ipige ni kuimaliza.

Penye umeme karibu, chaja ndogo yenye akili ya ampea 1 hadi 5 ndiyo suluhisho la raha: inajaza, kisha inashikilia volti 13.2 hadi 13.8 miezi na miezi. Betri ikiwa imetupika, kiwango salama ni sehemu ya kumi ya uwezo wake, yaani ampea 4 hadi 5 kwa NS60, saa 10 hadi 12, mahali penye hewa. Chaji ya haraka ya saa moja kwenye vibanda huichemsha asidi na kupinda sahani. Na pungufu ndani ya vyumba lijazwe kwa maji yaliyotoneshwa, hadi sahani zifunikwe kiasi cha milimita 10. Kuongeza asidi, kama wengi wanavyofanya, ni kuzila sahani. Gari likiegeshwa juani pasipo umeme, paneli ya sola ya wati 10 yenye kidhibiti chaji inatosha. Kwa jua letu inatoa ampea-saa 2 au zaidi kwa siku dhidi ya 1.2 zinazoliwa. Iungwe kwenye betri yenyewe kupitia fyuzi, kwa kuwa tundu la kiberiti la magari mengi ya Kijapani hufa ufunguo ukitolewa.

Ikibidi kubusti, mwekundu uanze kwenye chanya ya betri tupu, kisha chanya ya nzima, mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Haibridi isitumike kuwabusti wengine.

Tunasisitiza haya kwa sababu betri zinazotupwa bure hazipotei. Zinakwenda kuyeyushwa, na risasi yake inaingia kwenye udongo na damu ya watu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha namna hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa mwenye gari anayepelekwa dukani leo: kabla hujalipa, dai namba tatu ziandikwe kwenye karatasi. Volti za betri ikiwa imepumzika, volti injini ikiwaka, na miliampea baada ya gari kulala nusu saa. Na betri mpya yenyewe ipimwe pale kaunta. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni mno, omba nyingine.

Mafundi umeme wa magari,
Dar es Salaam